Kutunza paa la bati na kulirejesha baada ya dhoruba

Nyumba nyingi za Tanzania, mijini na vijijini, zimeezekwa kwa bati, na wenye nyumba wengi hulikumbuka bati hilo pale tu tone la kwanza linapoanguka kitandani. Kuvuja ni tatizo la kweli, lakini si kubwa kuliko yote. Paa ambalo halijawahi kuvuja linaweza kung'olewa lote kwa upepo wa dakika chache, kwa sababu kinachozuia maji na kinachozuia upepo si kitu kimoja. Maji huzuiwa na bati lenyewe. Upepo huzuiwa na misumari, papi (mbao ambazo bati hupigiliwa juu yake), kenchi (fremu za mbao zinazobeba papi) na vile vifungo vinavyoishikilia kenchi ukutani, ambavyo mara nyingi havionekani na kwa hiyo havikaguliwi. Mwongozo huu unamhusu mwenye nyumba anayetaka kukagua yote mawili, ajue lipi alifanye mwenyewe na lipi amwachie fundi.

Upepo unavyolishika paa

Wengi hudhani kwamba upepo hulisukuma paa kwa ubavu hadi likaanguka. Kwa kweli upepo unaopita juu ya paa hulinyonya kwenda juu, na ikiwa dirisha au mlango wa upande unakotoka upepo uko wazi, hewa iliyoingia ndani nayo hulisukuma kutoka chini, hivyo nguvu mbili zikasaidiana. Tuchukue hesabu ndogo. Mita moja ya mraba ya bati la geji 30 (geji ni namba ya unene wa bati) ina uzito wa kilo 3 hivi. Upepo wa kilomita 100 kwa saa unaweza kuivuta mita hiyo juu kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 50, na kwenye pembe, kwenye kingo na kandokando ya kofia ya paa, yaani bati linalofunika kilele, nguvu hiyo huzidi. Mwendo wa upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne.

Hesabu hiyo inaonyesha kwa nini mawe, matairi na mifuko ya mchanga tunayoiona juu ya mapaa mengi haitoi ulinzi unaotarajiwa. Jiwe la kilo 5 haliwezi kushindana na nguvu ya kilo 50 kwa kila mita ya mraba. Bati likianza kupiga, jiwe huteleza, na likianguka linaweza kumuua aliye chini. Zaidi ya hayo, jiwe hukwaruza zinki inayolinda chuma, na chini yake unyevu hukaa siku nyingi, ndiyo maana bati lililobebeshwa mawe hutoboka kwanza pale pale jiwe lilipokaa. Ninawasihi walio na mawe juu ya paa wayashushe baada ya kukaza bati, na fedha iliyopo, hata ikiwa ndogo, waielekeze kwenye skurubu na waya wa kufungia kenchi.

Hakuna mkoa wa kujiona salama. Pwani yetu iko nje ya njia ya kawaida ya vimbunga vya Bahari ya Hindi, lakini Unguja ilipigwa na kimbunga Aprili 1872 kikaangusha mikarafuu kwa wingi, Lindi ikapigwa Aprili 1952, na Mei 2024 Kimbunga Hidaya kikafika Mafia na kuathiri pwani ya kusini. Bara nako, Machi 2015, mvua ya mawe iliyoambatana na upepo mkali ilibomoa nyumba katika kijiji cha Mwakata wilayani Kahama na kuua zaidi ya watu 40. Mbali na matukio hayo makubwa, karibu kila msimu wa mvua unapoanza, ule upepo unaotangulia ngurumo huezua madarasa, zahanati na nyumba za watu bila kimbunga chochote kupewa jina.

Ukaguzi ufanywe lini, na uanzie wapi

Maeneo yenye misimu miwili ya mvua, yaani pwani ya kaskazini, nyanda za juu kaskazini mashariki na Kanda ya Ziwa, yanahitaji ukaguzi mara mbili: Februari, kabla ya masika ya Machi hadi Mei, na Septemba, kabla ya vuli. Mikoa yenye msimu mmoja, kama vile Dodoma, Singida, Iringa, Mbeya, Ruvuma na Mtwara, ukaguzi mmoja wa kina mwezi wa Oktoba unatosha, pamoja na kutazama tena kila baada ya upepo mkali. Usisubiri wingu la kwanza, kwa maana mvua zikianza mafundi wote wana kazi.

Anza ndani, mchana jua likiwa kali. Katika nyumba isiyo na dari, funga madirisha na milango, simama dakika kadhaa hadi macho yazoee giza, kisha tazama juu. Kila nukta ya mwanga ni tundu. Pima umbali wake kutoka kuta mbili na uandike, kwa sababu ukishapanda juu tundu dogo halionekani tena. Katika nyumba yenye dari, pita kwenye mlango wa dari ukiwa na tochi, na ukanyage mbao za kenchi peke yake. Jipsamu haibebi mtu. Kumbuka pia kwamba maji hayadondoki mahali yalipoingilia. Hutambaa chini ya bati au kando ya papi, wakati mwingine mita mbili au tatu, kabla ya kuacha doa kwenye dari. Fuata alama ya maji kuelekea juu ya mteremko, wala usihangaike na bati lililo juu ya doa lenyewe.

Ukiwa humo, chomeka ncha ya bisibisi kwenye mbao, hasa pale zinapokutana na ukuta na chini ya sehemu iliyowahi kuvuja. Mbao nzima hukataa; mbao iliyooza hupokea bisibisi bila taabu. Vijia vya udongo vinavyopanda ukutani ni dalili ya mchwa, na unga laini uliomwagika chini ya mbao ni dalili ya wadudu wanaoitoboa kutoka ndani. Mbao ya namna hiyo isipakwe rangi na kuachwa. Ibadilishwe kwa mbao iliyotiwa dawa, kwa kuwa skurubu iliyoshika mbao iliyooza haijashika kitu.

Kisha tafuta kinachoifunga kenchi kwenye ukuta. Hili ndilo swali muhimu kuliko yote, na ndilo lisiloulizwa. Ubao unaolala juu ya ukuta unapaswa kufungwa kwenye lenta, yaani mkanda wa zege unaopita juu ya kuta, kwa nondo iliyozikwa ndani ya zege na kukunjwa juu ya ubao, au kwa chuma bapa, na kila kenchi ifungwe kwenye ubao huo kwa chuma bapa au waya mnene. Ukikuta kenchi imeshikwa na msumari mmoja tu uliopigwa kwa mshazari, au ubao umelazwa juu ya tofali bila chochote kinachoushika ukutani, umepata udhaifu mkubwa wa nyumba yako, hata kama bati la juu ni jipya na linang'aa.

Kupanda juu kwa usalama

Paa si mahali pa haraka. Panda asubuhi, umande ukishakauka na kabla bati halijawa la kuunguza, siku isiyo na upepo, ukiwa umevaa viatu vya raba visivyoteleza. Ngazi isimame imara, mguu wake ukiwa mbali na ukuta mita 1 kwa kila mita 4 za kimo, na kichwa chake kipite ukingo wa paa kwa karibu mita 1 ili uwe na pa kushika unapohama. Mtu mmoja abaki chini akiishika. Ukanyage juu ya mstari wa misumari, kwa sababu chini yake kuna papi. Katikati ya papi mbili, bati la geji 30 au 32 hubonyea, na maji yatatuama kwenye bonyeo hilo miaka yote. Kaa mbali kabisa na waya wa umeme unaoingia nyumbani. Kwa paa la ghorofa au lenye mteremko mkali, afadhali kumlipa fundi mwenye kamba na mkanda kuliko kujaribu.

Misumari na skurubu

Bati hupanuka jua linapowaka na kusinyaa usiku, na mwendo huo mdogo wa kila siku huuvuta msumari kutoka kwenye mbao kidogo kidogo. Ingiza ukucha wa kidole kati ya kichwa cha msumari na bati. Ukiingia, msumari huo umepanda, na maji pamoja na upepo vyote vina nafasi.

Kosa la kawaida ni kuurudisha kwa nyundo. Tundu lake ndani ya papi limeshalegea, na baada ya miezi michache utapanda tena. Ung'oe ukiwa umeweka kipande cha ubao chini ya nyundo ili bati lisibonyee, kisha weka mahali pake skurubu ya bati yenye washa ya mpira, iliyo nene na ndefu kuliko msumari uliotoka. Kazi hiyo hufanywa juu ya mgongo wa bati, si bondeni ambako maji hupita. Kaza hadi mpira uanze kuchungulia kidogo pembeni mwa washa, kisha uache. Ukizidisha, mpira hupasuka na mgongo wa bati hulala. Kama fedha haitoshi kubadilisha paa zima, anza na kingo: safu ya chini kabisa, safu iliyo karibu na kofia, na mistari ya pembeni, ambako skurubu inafaa kukaa kila mgongo wa pili au hata kila mgongo. Katikati ya paa, kila mgongo wa tatu unaweza kutosha. Upepo huanza kulifungua paa ukingoni, na ukingo ukishikilia, sehemu iliyobaki huwa na nafasi nzuri ya kupona.

Kofia nayo ikaguliwe kwa mkono wala si kwa macho tu. Itikise. Ikicheza, ongeza skurubu pande zote mbili. Kwenye bati za migongo mipana, tazama kama nafasi zilizo chini ya kofia zimezibwa, maana mvua inayosukumwa na upepo hupanda mteremko na kuingia humo, na wengi huishia kubadilisha bati lisilo na kosa lolote.

Tundu, kutu na viraka

Tundu la msumari wa zamani au la antena iliyoondolewa huzibwa kwa silikoni, lakini si kila silikoni inafaa. Ile yenye harufu kali ya siki hutoa asidi inapokauka na huila zinki, hivyo kiraka huwa mwanzo wa kutu. Muulize muuzaji silikoni isiyo na asidi, inayofaa kwa chuma. Sugua mahali hapo kwa brashi ya waya, futa vumbi, hakikisha pamekauka kabisa, kisha paka. Tundu kubwa kuliko kidole linahitaji kiraka cha bati la aina ileile, kinachozidi tundu kwa sentimita 10 kila upande, chenye silikoni chini yake na skurubu pembeni. Ukingo wake wa juu ukiweza kuingizwa chini ya bati linalofuata, kitadumu zaidi. Tundu zikizidi tano au sita katika bati moja, libadilishe bati hilo. Lami iliyopakwa juu ya bati lililooza huficha tatizo kwa msimu mmoja.

Kutu ina vyanzo vinavyoweza kuzuilika. Majani ya mwembe na ya mwarobaini yanayorundikana nyuma ya kofia na bondeni mwa paa hushika unyevu wiki nzima baada ya mvua. Mabaki ya saruji mbichi yaliyoachwa na fundi wa plasta huunguza zinki. Bati likikatwa kwa grenda juu ya paa, cheche zake huanguka zikiwa za moto, hujishikiza kwenye bati na kuanza kushika kutu baada ya mvua ya kwanza. Mtake fundi akatie chini, na afagie paa kabla ya kushuka. Maji yanayotoka kwenye bomba la shaba yasidondoke juu ya bati. Walio karibu na bahari wana adui wa ziada, yaani chumvi, ambayo mvua huisafisha juu ya paa lakini haifiki chini ya ukingo unaochomoza. Sehemu hizo zioshwe kwa maji yasiyo na chumvi angalau mara mbili kwa mwaka.

Kwa anayenunua bati jipya, namba ya geji ikiwa ndogo bati huwa nene zaidi: geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 kuliko 32. Tofauti hiyo si ya muda wa kuishi peke yake. Bati jembamba huchanika kuzunguka kichwa cha skurubu upepo unapovuta, skurubu ikabaki kwenye papi na bati likaondoka. Kwa pwani na kwa maeneo ya wazi yasiyo na kinga ya miti au majengo, naona geji 28 ndiyo inayostahili kupangiwa bajeti, hata ikibidi ujenzi usubiri miezi kadhaa.

Gata na paa la kuficha

Mvua ya milimita 50 juu ya paa la mita za mraba 100 ni lita 5,000 za maji. Maji hayo yote hupita kwenye gata, yaani mfereji wa ukingoni mwa paa, na gata iliyoziba huyarudisha kwenye ubao wa ukingoni na kwenye vichwa vya kenchi, yaani pale pale paa linapofungwa ukutani. Isafishe kabla ya kila msimu, umwage ndoo ya maji upande wa juu na kutazama kama yanafika chini bila kutuama. Mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita 1 hadi 2 unatosha. Kama unavuna maji ya mvua kwenye tanki, ufagio huohuo wa gata unayalinda maji yako ya kunywa.

Nyumba za paa la kuficha, ambazo sasa zinajengwa kwa wingi Dar es Salaam na Dodoma, zinahitaji uangalifu wa peke yake. Ukuta unaolizunguka paa hulifanya lisionekane, lakini pia huyafungia maji ndani, na mteremko wa bati huko juu mara nyingi ni mdogo. Tundu moja la kutolea maji likizibwa na mfuko wa plastiki au kiota cha ndege, maji hupanda hadi yavuke maungio ya bati na kushuka ndani ya ukuta. Mwenye nyumba ya namna hiyo apande au ampandishe mtu kila mwezi wakati wa mvua, na ahakikishe kuwa katika kila upande kuna tundu la dharura lililo juu kidogo ya lile la kawaida, ili la chini likiziba maji yaonekane yakimwagika nje. Maungio ya bati na ukuta huo yakaguliwe pia, kwa sababu ndipo nyufa za plasta huanzia.

Kuifunga nyumba ambayo tayari imejengwa

Nyumba iliyokwisha kujengwa bila vifungo inaweza kuokolewa bila kuezuliwa. Fundi hutoboa ukuta chini ya lenta, hupitisha waya wa chuma uliopakwa zinki wenye unene wa milimita 3 hadi 4, huuzungusha juu ya kenchi, kisha husokota ncha zake hadi ukaze. Njia bora zaidi ni chuma bapa kilichofungwa kwenye lenta kwa bolti za kupanuka na kupigiliwa kwenye kenchi kwa misumari kadhaa. Kazi ianze kwenye kenchi za mwisho za kila upande, ambako mvuto ni mkubwa, kisha iendelee hadi kila kenchi ifungwe. Papi nazo zifungwe kwenye kenchi kwa waya au chuma bapa, kwa kuwa msumari mmoja uliopigwa wima hung'oka kama ulivyoingia. Ndani ya paa, mbao za mshazari zinazounganisha kenchi moja na nyingine huzuia kenchi zote zisilaliane kwa pamoja.

Kwa anayejenga sasa, maamuzi matatu ya ramani yana faida kubwa kwa gharama ndogo: paa la miteremko minne hustahimili upepo kuliko la miteremko miwili, ukingo unaochomoza nje ya ukuta usizidi sana sentimita 45, na paa la kibaraza litengwe na paa kuu, ili upepo ukichukua la kibaraza usiende na nyumba nzima.

Miti mirefu iliyo karibu ipunguzwe matawi wakati wa kiangazi. Sipendekezi kuikata yote, kwa kuwa safu ya miti iliyo mbali kiasi hupunguza kasi ya upepo kabla haujafika kwenye nyumba. Kinachotakiwa kuondoka ni tawi kavu na mti ulioinamia paa.

Tahadhari ikitolewa

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa taarifa za hali mbaya ya hewa kwa ngazi tatu, angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Baada ya taarifa hiyo usipande juu ya paa kukaza chochote ikiwa upepo umekwisha kuanza. Kusanya vitu vilivyolegea uani, kama vile mabati ya akiba, mbao, ndoo na viti vya plastiki, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyovunja madirisha. Funga madirisha na milango yote. Weka vyeti, hati ya kiwanja na simu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Upepo ukiwa mkali, kaa kwenye chumba kidogo cha katikati, mbali na madirisha, na bati likianza kupiga ujue sehemu iliyo salama ni ile yenye kuta nyingi za karibu wala si sebule pana. Ikiwa nyumba ni ya udongo au ina nyufa kubwa, hamia mapema kwenye jengo imara.

Baada ya dhoruba

Jambo la kwanza ni umeme. Waya uliokatika ukilala juu ya bati, paa lote, gata na hata kamba ya kuanikia nguo iliyofungwa kwenye nguzo ya chuma vinaweza kuwa na umeme. Usiguse, wazuie watoto na majirani, na utoe taarifa TANESCO. Kama waya hauko juu ya paa lakini maji yameingia kwenye dari, zima swichi kuu ukiwa umesimama pakavu, na usiiwashe hadi fundi umeme akague. Kwa mtu aliyefunikwa na kifusi au moto uliozuka, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Kabla ya kuondoa chochote, piga picha: nje kutoka pande zote nne, ndani chumba kwa chumba, na kwa karibu zile sehemu zilizong'oka, zikionyesha misumari na mbao. Toa taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji siku hiyohiyo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia ngazi ya taifa hadi kijiji na mtaa, na tathmini ya misaada hupitia huko. Mwenye bima ya nyumba aijulishe kampuni yake mapema, ahifadhi risiti za turubai na za matengenezo ya dharura, wala asitupe vipande vilivyoharibika kabla ya mkaguzi kufika. Mpangaji amwandikie mwenye nyumba, hata kwa ujumbe wa simu wenye picha, ili tarehe iwe na ushahidi.

Dari iliyofura kwa maji inaweza kuanguka kwa ghafla. Toa watu na vyombo, weka ndoo, kisha ukiwa umesimama pembeni toboa tundu dogo kwa kitu chenye ncha mahali palipoinama zaidi, maji yatoke taratibu.

Turubai la kuziba kwa muda liwekwe upepo ukishatulia. Lianze juu ya mgongo wa paa, livuke upande wa pili kwa angalau mita 1, na lishuke hadi ukingoni. Likiishia katikati ya mteremko maji yataingia chini yake. Kingo zake zizungushiwe kwenye mbao nyembamba, na mbao hizo ndizo zipigiliwe kwenye papi, kwa kuwa msumari uliopigwa moja kwa moja kwenye turubai huichana upepo unaporudi. Hapa pia mawe hayafai.

Mabati yaliyoruka yakusanywe mapema, kabla hayajaumiza mtu. Bati lililonyooka na lenye matundu ya kawaida linaweza kurudishwa, mradi matundu ya zamani yazibwe na skurubu mpya zipite sehemu nzima. Lililokunjwa likaacha mstari mkali halifai tena kwa nyumba, kwani zinki imepasuka kwenye mkunjo; litumike kwa banda. Mbao zilizoloa ziachwe zikauke kwa hewa kabla ya kufunikwa na dari mpya. Soma pia jinsi paa lilivyong'oka. Bati likiondoka peke yake, papi zikabaki, tatizo ni misumari au geji. Bati likiondoka pamoja na papi, tatizo ni papi na kenchi. Paa zima likiinuka na kenchi zake, lilikuwa halijafungwa ukutani, na fundi atakayelirudisha bila vifungo analirudisha kwa dhoruba ijayo. Mwonyeshe mahali hapo na mkubaliane kwa maandishi kabla hajaanza.

Nyumba za zamani zilizoezekwa kwa asbesto zina utaratibu wake. Vipande vilivyovunjika vina nyuzi ambazo zikivutwa puani huleta maradhi ya mapafu baada ya miaka mingi. Visikatwe, visipondwe, visifagiliwe vikiwa vikavu, na watoto wasivichezee. Vilowanishwe, vifunikwe kwa plastiki, na ushauri wa kuviondoa uombwe kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC.

Paa jipya au lililorudishwa likaguliwe tena baada ya miezi mitatu. Mbao nyingi zinazouzwa kwetu hazijakauka vizuri, na zikisinyaa skurubu na waya hulegea hata kama fundi alikaza ipasavyo. Mwambie tangu mwanzo kwamba malipo yake ya mwisho yanahusu pia siku hiyo ya kurudi kukaza.